Uzazi, Mila na Sharia: Somo kwa Waume, pamoja na Khabari za Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

DIBAJI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji na akampa makao madhubuti katika tumbo la mamake, na baada ya kumsalia Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake, lililokusudiwa katika waraka huu ni kubainisha mila za uzazi: ipi yafaa kushikwa, ipi yapasa kuachwa, na ni lipi limpasalo mwanamume siku mkewe ashikwapo na utungu.

Huenda mtu akastaajabu kuona jambo la uzazi laandikiwa wanaume. Wengi husema, "Hayo ni ya wanawake," wakatoka wakakaa barazani, wakanywa kahawa, wakangoja kuletewa khabari. Walakini ni nani atoaye ruhusa mke apelekwe hospitali? Ni nani atoaye nauli? Ni nani asemaye, "Ngojeni kwanza mpaka kuche"? Basi mwenye neno katika jambo ni mwenye dhima katika jambo, na mwenye dhima hana udhuru wa kutojua.

FASILI YA KWANZA: Khabari za nchi yenyewe

Imechaguliwa nchi ya Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa kuwa mfano, kwa kuwa huko mambo manne yamekutana mahali pamoja: mila za wenyeji, hospitali za misioni, amri za serikali, na Waislamu wachache waishio katikati ya hayo yote.

Mbinga imo katika Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, juu ya milima ya Umatengo. Chini yake, upande wa magharibi, ni pwani ya ziwa, yenye miji ya Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Na pwani hiyo tangu mwaka 2012 imekuwa wilaya mbali, iitwayo Wilaya ya Nyasa. Mlimani hukaa Wamatengo, wakulima wa kahawa, mahindi na maharage. Ziwani hukaa Wanyasa, wavuvi wa usipa na wakulima wa muhogo. Watu wa pwani ya bahari si wageni wa nchi ile. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Kilwa ikafika ziwani, kwa biashara ya pembe na, kwa masikitiko makubwa, ya watumwa. Kisha wakafuata wachuuzi na walimu wa Kurani. Hata leo wako wafanya biashara na watumishi wa serikali watokao pwani, na wake zao huzalia huko.

Wamatengo wamesifika kwa kilimo chao cha ngolo, nacho ni mashimo yaliyopangwa juu ya mteremko ili mvua isichukue udongo. Katika kazi hiyo wanaume hufyeka majani na kuyapanga, na wanawake huchimba udongo na kuyafukia. Basi mwanamke wa huko huchukua mimba na jembe pamoja. Utungu ukimshika usiku wa mvua, na nyumba iko mbali na barabara, kumteremsha kwa machela si jambo jepesi. Na yule wa ziwani, upepo ukivuma na mawimbi yakipanda, mtumbwi hauendi. Barabara ya lami baina ya Mbinga na Mbamba Bay, ya kilometa 66, imepunguza taabu nyingi. Lakini barabara kuu haifiki mlangoni kwa kila mtu.

Tiba ya kizungu ilifika huko kwa mikono ya wamisionari. Waanglikana walikuja kwa maji kutoka kisiwa cha Likoma, na meli yao Chauncy Maples, iliyoshushwa ziwani mwaka 1901, ilikuwa chuo na zahanati yenye kutembea. Hospitali yao ya Liuli ipo hata leo. Wakatoliki wa shirika la Mtakatifu Benedikto walitoka upande wa Peramiho, na hospitali ya Litembo, juu ya milima ya Umatengo, imetokana na kazi yao.

Kabla ya hospitali hizo, na miaka mingi baada yake, mzazi alikuwa katika mikono ya mkunga: mwanamke mtu mzima, aliyekwisha kuzaa mwenyewe, aliyejifunza kazi kwa mamake au bibi yake, mwenye kujua mizizi na majani ya nchi yake. Pwani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mkunga wa Kilwa na mkunga wa Umatengo wangekutana, hapana shaka wangefahamiana upesi, ijapokuwa lugha zao si moja.

FASILI YA PILI: Waliochungua na waliotawala

Watu wa namna mbili wameshughulika na mila hizi: mwenye kuchungua na mwenye kutawala. Mwenye kuchungua huuliza, "Watu hawa wafanyani, na kwa maana gani?" Mwenye kutawala huuliza, "Wafanyeni?" Na khasara nyingi zimetoka hapa, kwamba wa pili alitoa amri kabla ya kusikia jawabu la wa kwanza.

Katika waliochungua yumo tabibu Mwingereza, Robert Felkin. Mwaka 1879, katika nchi ya Bunyoro, ambayo leo imo katika Uganda, alimwona mganga akimpasua mwanamke aliyeshindwa kuzaa. Mganga yule aliosha mikono yake na tumbo la mzazi kwa pombe ya ndizi, akazuia damu kwa chuma cha moto, akamtoa mtoto, akafunga jeraha kwa misumari ya chuma iliyozungushiwa uzi, akalifunika kwa dawa ya mizizi. Felkin alipoondoka siku kumi na moja baadaye mama na mtoto walikuwa hai, naye akaichapisha khabari hiyo mwaka 1884. Waliokuwa wakisema kwamba Mwafrika hana elimu ya uzazi walipata jawabu kwa mtu wao wenyewe.

Baada yake wakaja wataalamu wa anthropolojia, yaani elimu ya mila za wanadamu. Margaret Read aliandika juu ya malezi ya watoto wa Wangoni wa Nyasaland, katika kitabu kilichotoka mwaka 1959. Nao ni ndugu wa Wangoni wa Songea, majirani wa Wamatengo. Denise Roth Allen, katika kitabu cha mwaka 2002, alieleza uzazi wa wanawake wa pande za Shinyanga, akaonyesha kuwa khatari anazoziogopa mwanamke kijijini si zile tu zilizoandikwa katika daftari la zahanati. Na mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika mikoa ya Lindi na Mtwara, ulioulizia sababu za watu kuzalia nyumbani. Yaliyopatikana ni haya: fedha hakuna, chombo cha safari hakuna, utungu huja ghafula, maneno ya wauguzi huumiza, sitara ni haba, na tena, mwenye kukata shauri katika nyumba si mzazi. Msomaji na atazame mara ya pili hilo la mwisho, maana ndilo limfikialo mwanamume.

Ama waliotawala, shauri lao limegeuka mara kwa mara. Zamani za ukoloni mkunga alihesabiwa kuwa mchafu na mjinga. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, yakaafikiana juu ya afya ya msingi kwa watu wote. Ndipo wakunga wa jadi wakaitwa kufundishwa, wakapewa nyembe safi na nyuzi. Mwaka 1987 ukafanywa mkutano Nairobi juu ya usalama wa wazazi. Na katika miaka ya 1990 wakubwa wa afya wa dunia wakaona kuwa mafundisho hayo hayakupunguza vifo vya kina mama kama ilivyotumainiwa, wakageuza neno: kila mzazi azalishwe na mtu aliyesomea kazi. Ng'ambo ya ziwa, Malawi iliwakataza wakunga wa jadi kuzalisha mwaka 2007. Mwaka 2010 Rais Bingu wa Mutharika akalegeza katazo lile. Na katika baadhi ya vijiji vya Tanzania wazazi waliozalia nyumbani walitozwa faini. Basi mkunga huyo huyo, katika umri wa mtu mmoja, aliitwa mchafu, kisha akaitwa msaidizi, kisha akaitwa mkosaji.

Hata hivyo insafu yataka isemwe kuwa hospitali imefaa sana. Kwa hesabu za taifa la Tanzania, mwaka 2015 na 2016 wazazi 63 katika kila 100 walizalia katika vituo vya afya. Mwaka 2022 walikuwa 81. Na vifo vya kina mama, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila watoto 100,000 wazaliwao hai, vilikadiriwa mwaka 2022 kuwa 104. Mwenye kuikataa khabari hii kwa ajili ya chuki ya misioni au ya serikali hajidhulumu yeye, amdhulumu mkewe.

FASILI YA TATU: Mizani ya kupimia mila

Imamu Suyuti, katika kitabu chake Al-Ashbah wan-Nadhair, ameeleza kanuni tano ambazo mas'ala ya fikihi hurejea kwazo. Mbili katika hizo zatosha hapa: ya kwanza, desturi ya watu ina nguvu katika hukumu, ya pili, madhara sharti yaondolewe. Ya kwanza yamzuia mtu kuidharau mila kwa kuwa ni mila tu. Ya pili yamzuia kuishika kwa kuwa ni mila tu. Kwa mizani hiyo mila za uzazi zagawanyika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni mila njema. Wazee walimwacha mzazi apige magoti au achutame, akishikwa mgongo na jamaa zake. Hospitali ikamlaza chali, peke yake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri kuwa mzazi achague mwenyewe namna ya kukaa, na awe na mwenziwe amtakaye. Wakunga wengi hawakuwa na haraka ya kukata kitovu. Na matabibu leo hungoja walau dakika moja kabla ya kukikata. Mama hupumzishwa siku arobaini akapikiwa na kutumikiwa, na hiyo ni rehema. Katika mambo haya kijiji kilikuwa mwalimu na hospitali ikawa mwanafunzi.

Fungu la pili ni mila zisizo na dhara wala amri, kama kufukiza udi na ubani, na kuzika kondo la nyuma. Na hili la mwisho lakubaliana na kauli ya mafakihi waliopendekeza kuzikwa kila kilichotengana na mwili wa mwanadamu. Haya huachwa kama yalivyo, maadamu hayakutiwa ndani yake ibada ya mizimu.

Fungu la tatu ni mila zenye kudhuru mwili. Ya kwanza ni kumnywesha mzazi dawa za kuharakisha utungu; kwani tumbo la uzazi likikazwa kwa nguvu, na njia imezibana, hupasuka. Ya pili ni kutia majivu au mavi ya ng'ombe juu ya kitovu, jambo liletalo pepopunda kwa mtoto. Ya tatu ni kumwaga maziwa ya mwanzo, yale mazito ya rangi ya manjano, kwa kudhani kuwa ni machafu. Na hapa msomaji na ajue kuwa Imamu Nawawi, katika Minhaj, amemlazimu mama kumnyonyesha mwanawe maziwa hayo hasa, kwa kuwa mtoto hapati uzima bila hayo. Matabibu wasema leo alilolisema mwanachuoni huyo katika karne ya 13. Basi awamwagiaye watoto maziwa hayo amehalifu tiba na fikihi kwa pamoja.

Ya nne ni mikono isiyooshwa. Wala mtu asidhani kuwa kosa hili ni la kijijini tu. Mwaka 1847, katika hospitali kubwa ya Vienna, tabibu Semmelweis aliona kuwa wazazi waliozalishwa na matabibu walikufa zaidi kuliko waliozalishwa na wakunga; sababu, matabibu walitoka kupasua maiti wakawaendea wazazi bila ya kunawa vizuri. Alipowalazimu kunawa kwa maji ya chokaa ya klorini, vifo vikapungua sana. Uchafu hauna kabila.

Fungu la nne ni mila zenye kudhuru mwili, na heshima, na dini, zote pamoja. Hilo lina fasili yake.

FASILI YA NNE: Kumwungamisha mzazi

Imeandikwa na wachunguzi wengi, katika Malawi, na Zambia, na pande mbalimbali za Tanzania, kwamba uzazi ukikawia watu husema mzazi amezini, na kuwa mtoto hatatoka mpaka amtaje aliyezini naye. Imani hii si ya kabila moja, wala si ya wasio Waislamu peke yao. Waislamu nao wakaao katikati ya watu hao huichukua, kama mtu achukuavyo lugha ya majirani.

Ichukuliwe kwa mfano kuwa Zaidi ni mtu wa pwani, afanya biashara ya usipa katika kijiji cha Ziwa Nyasa, naye ana mkewe Zainabu. Zainabu ashikwa na utungu magharibi. Kunakucha, mtoto hajatoka. Wanawake watu wazima watoka nje, wamwambia Zaidi kwa sauti ya chini, "Bwana, kuna neno mwenzio alificha." Zaidi auingia moto wa wivu. Wale warudi ndani wakamhimiza mzazi, "Taja, upone." Naye, kwa maumivu na kwa hofu ya mauti, ataja jina lolote lijalo ulimini. Mtumbwi wa kumpeleka hospitali haujatafutwa bado, na jua limekwisha kupanda.

Hukumu ya jambo hili ni nini? Jawabu lina sehemu sita.

Kwanza: amtajaye wazi mwanamke mwenye kujihifadhi kuwa amezini, na hana mashahidi wanne, huyo ni mwenye kukadhifu, na Sura An-Nur, katika aya ya 4, imemwekea mijeledi 80, na kukataliwa ushahidi wake, na jina la ufasiki. Asemaye kwa fumbo, hata kama hadi haimfikii katika madhehebu ya Imamu Shafii, hakosi dhambi ya dhana mbaya na ya kumwudhi Mwislamu. Na mume mwenye kumshuku mkewe amewekewa njia yake, nayo ni lia'ni, na mahali pake ni mbele ya kadhi; chumba cha mzazi si mahakama.

Pili: ungamo la mtu aliyelazimishwa si kitu. Mafakihi wameshurutisha katika kukiri mtu awe na khiari yake. Mwanamke aliyeambiwa, "Taja au ufe," khiari yake iko wapi?

Tatu: nasabu ya mtoto haivunjwi kwa neno hilo. Mtoto ni wa kitanda cha ndoa, kwa hukumu ya Mtume (S.A.W.). Basi Zaidi hana haki ya kumkana mwanawe kwa jina lililotajwa usiku ule.

Nne: imepokewa katika Sahihi ya Muslim khabari ya mwanamke wa kabila la Ghamidi, aliyemjia Mtume (S.A.W.) kwa miguu yake, akakiri mwenyewe, hali ana mimba. Mtume alimrudisha mpaka azae; alipozaa akamrudisha mpaka amwachishe mtoto ziwa. Itazamwe vema: huyu alikiri kwa khiari, na hata hivyo uzazi wake na mtoto wake vilitangulizwa mbele ya kila neno. Itakuwaje basi kuanza kumhoji asiyekiri, katika saa ile ile ya kuzaa?

Tano: Imamu Malik amepokea katika Muwatta kuwa aliletwa kwa Seyidna Uthman mwanamke aliyezaa kwa miezi sita, akataka kuhukumiwa kwa zina. Seyidna Ali akamjulisha kuwa Kurani imetaja miezi 30 ya mimba na kunyonyesha pamoja, na pengine ikataja miaka miwili ya kunyonyesha. Basi miezi sita yabaki kuwa ya mimba. Hapo wanavyuoni wakathubutisha kuwa uchache wa muda wa mimba ni miezi sita, basi kuzaa mapema namna hiyo si ushahidi wa zina.

Sita: Bibi Maryamu alishikwa na utungu peke yake, penye shina la mtende, akatamani mauti. Hakuhojiwa pale, alipewa maji, na tende, na neno la kumtuliza. Waliomtuhumu walikuja baadaye, na Mwenyezi Mungu akauita usemi wao uzushi mkubwa. Basi na ajiulize kila aliye karibu na mzazi: yuko upande wa waliomtuhumu, au upande wa maji na tende?

Ama sababu ya uzazi kukwama ni ya mwili. Pengine mtoto amelala kikingama. Pengine kichwa ni kikubwa kuliko njia ya nyonga. Pengine nguvu za tumbo zimepungua. Mtawa kwa mwanamke mchaji yaweza kumpata, na fasiki yaweza kumpita. Na kila saa ipotezwayo katika kuungamisha ni saa iliyoibwa katika uhai wa watu wawili. Hata akipona, kichwa cha mtoto kikibana muda mrefu huua nyama za kibofu, pakatoboka, mkojo ukawa hauzuiliki. Na maradhi haya ndiyo yaitwayo fistula. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huyatibu. Kisha mwanamke huyo, aliyedhulumiwa mara ya kwanza kwa ulimi, hudhulumiwa mara ya pili kwa kuachwa, ati ananuka. Na akifa katika uzazi wake, hadithi zimemhesabu katika mashahidi. Ole wake aliyemkadhifu shahidi katika saa yake ya mwisho!

FASILI YA TANO: Masuala na majawabu

Suala: Yafaa mke Mwislamu kuzalia katika hospitali ya Wakristo, kama ile ya Liuli au Litembo?
Jawabu: Yafaa, kwani haja imo na jambo lenyewe ni tiba, si ibada. Aliye bora wa kumtazama ni mwanamke Mwislamu; akikosekana, haja humruhusu mwingine, kwa kadiri ya haja, na sitara ikahifadhiwa. Mwenye kuchukia hali hiyo na akumbuke kuwa Imamu Ghazali, katika Ihya, aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi na kuwaachia wasio Waislamu utabibu, hali utabibu ni faradhi ya kutosheleza. Lawama hiyo haijapitwa na wakati. Amzuiaye binti yake kusomea ukunga, kisha akalalamika kuwa mkewe amezalishwa na mwanamume, amelalamikia tendo la mkono wake.

Suala: Na kupasuliwa?
Jawabu: Madhehebu ya Imamu Shafii yameruhusu kupasuliwa tumbo la mama aliyekufa, atumainiwapo mtoto kuwa hai. Ikiwa maiti hupasuliwa kwa uhai wa mmoja, vipi azuiliwe aliye hai kwa uhai wa wawili?

Suala: Yafaa kumpa mzazi kombe?
Jawabu: Kombe la aya za Kurani, lililoandikwa kwa kitu safi, wanavyuoni wengi wameliruhusu. Walakini kombe hunywewa huku chombo cha safari kikitafutwa, wala halishiki mahali pake. Mtume (S.A.W.) amewaamrisha watu kujitibu, na amemwelekeza mwenye ngamia kumfunga kwanza ndipo ategemee.

Suala: Mkunga asiyesoma akimdhuru mzazi, ana dhima?
Jawabu: Imo katika hadithi kuwa ajitiaye utabibu na hajulikani kwa utabibu hudhamini alichokiharibu. Basi mkunga wa jadi ajue mpaka wake: kumtia mzazi moyo, kumsindikiza hospitali, kumwuguza arobaini. Hiyo ni kazi yenye thawabu, na hospitali yenye busara haimfukuzi mlangoni.

Suala: Damu nyingi baada ya kuzaa, si ni nifasi?
Jawabu: Nifasi katika madhehebu uchache wake ni lahadha, kwa kawaida ni siku 40, na wingi wake ni siku 60. Walakini damu imwagikayo kwa nguvu, ikalowesha nguo moja baada ya nyingine, si nifasi ya kungojewa. Ni mauti yanayobisha hodi, na yaweza kumwondoa mama katika muda wa saa chache. Akimbizwe kwa matabibu pasipo kungoja.

FASILI YA SITA: Yampasayo mume

Akisema mtu, "Vitabu vya madhehebu havikutia dawa wala ujira wa tabibu katika nafaka ya mke," ataambiwa: Hayo yameandikwa kweli, na walioyaandika waliishi zama ambazo tiba ilikuwa ya kubahatisha. Katika wanavyuoni wa karibu, Sheikh Wahba al-Zuhayli ameeleza kuwa haja ya tiba leo ni kama haja ya chakula, bali yaweza kuzidi, basi hesabu yake ni ya mume. Na zaidi ya hayo, waume wameamrishwa kukaa na wake kwa wema. Na si wema kumla mtu nguvu zake miaka kumi, kisha kumhesabia senti siku moja.

Basi mume na ayatimize haya kabla mwezi wa nane wa mimba haujaisha. Ajue mkewe atazalia wapi, na ni chombo gani kitakachompeleka. Aweke akiba ya nauli mbali na fedha ya biashara. Atoe ruhusa mapema, mbele ya jamaa, ili akiwa safarini au ziwani asingojewe mtu mwingine kusema "ndiyo". Akiwa mbali sana na hospitali, kama wale wa milima ya Umatengo au wa vijiji vya ziwani visivyo na barabara nzuri, amsogeze mkewe karibu na hospitali kabla ya siku zake. Ajue mtu wa kutoa damu ikihitajiwa. Na aijue nambari 115, isiyotozwa malipo, ya mpango uitwao M-Mama, ambayo kwayo mzazi aliyefikwa na shida hutafutiwa gari.

Na wenye amri nao wana lao. Faini haimfikishi mzazi hospitali. Kifikishacho ni barabara, na mashua, na muuguzi mwenye ulimi mwema. Kumtoza mwanamke aliyezuiwa na mawimbi ni kumwadhibu kwa upepo, na sharia haikumkalifisha mtu asiloliweza.

KHATIMA

Imepokewa kuwa Seyidna Umar, katika ukhalifa wake, alikuwa akizunguka usiku nje ya Madina, akaona hema, na mtu amekaa mlangoni, na ndani yasikika sauti ya mwanamke. Akauliza, akaambiwa ni mke wa mtu yule, ameshikwa na utungu, wala hana mwanamke wa kumsaidia. Umar alirudi nyumbani akamwamsha mkewe, Ummu Kulthum binti Ali, akamwuliza kama ataka thawabu ambayo Mwenyezi Mungu amemletea. Mke akachukua vitu vya uzazi. Umar akachukua unga na mafuta. Bibi akaingia kwa mzazi, na Amiri wa Waumini akakaa nje akiwasha moto na kupika, moshi ukimpita ndevuni, na mwenye mke asimjue ni nani, mpaka mtoto alipozaliwa na Bibi Ummu Kulthum akamwita mumewe kwa cheo chake, ampe mwenziwe bishara ya mtoto.

Umar hakuuliza mwanamke yule amefanya nini hata uzazi wake umekuwa mgumu. Aliuliza kinachohitajiwa ni nini, akakileta kwa mgongo wake. Aliyekaa barazani na akumbuke kuwa Khalifa aliinuka.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazazi wa Kiislamu na wazazi wote, wa bahari na wa ziwa, na awape waume moyo wa kujua na wa kutenda. Amina.